Hongera, Fundi Umeme

Pikapu ikilia "ta!" bila kuwaka, wenye magari wengi hukimbilia betri mpya. Fundi umeme wa pale Gerezani, Dar es Salaam, kwanza hutega sikio. Ta-ta-ta ya harakaharaka humpeleka kwenye betri, au kwenye vichwa vyake vilivyoota unga mweupe. Mlio mmoja mzito humwelekeza kwenye stata. Kisha mita: betri iliyojaa husoma kama volti 12.6. Ufunguo ukizungushwa, ikibaki karibu na 12 na stata imegoma, anafuata waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi (kutu hupenda kujificha hapo), halafu kaboni za stata. Nampongeza hasa kwa hili: angeweza kukuuzia betri, lakini anasugua vichwa kwa msasa, anakaza nati, anakwambia, "Piga stata, mzee."