Kinanda cha Mabomba: Namna Umeme Ulivyoshika Nafasi ya Fimbo

Kati ya ala zote za muziki ambazo mwanadamu amezibuni, kinanda cha mabomba ndicho ambacho mpigaji wake aghalabu huketi mbali na mahali sauti inapozaliwa, kwa kuwa mabomba yake, ambayo mengine humpita mtu kimo mara mbili au tatu na mengine hayazidi urefu wa kalamu, huhitaji roshani au chumba chao wenyewe, ilhali mpigaji huhitaji kumwona padri na kuisikia kwaya. Umbali huo ndio uliozaa swali ambalo mafundi wamelihangaikia kwa karne nyingi: amri ya kidole itafikaje bombani kwa wakati wake, bila ya kupungua wala kupotoka? Nia ya makala haya ni kuchambua jinsi swali hilo lilivyojibiwa kwa umeme, kisha kwa elektroniki, na kupima kama jibu hilo, lililotungwa katika nchi za baridi, laweza kusimama katika joto na unyevu wa Ifakara, mji wa bonde la Kilombero nchini Tanzania.

Waumini wa bonde la Kilombero, toka Kidatu hadi Mlimba, wanakijua zaidi kinanda cha umeme chenye spika, na katika kinanda hicho umeme ndio sauti yenyewe. Kinanda cha mabomba, hata kikiwa na kompyuta ndani yake, hakitoi sauti kwa umeme hata kidogo. Sauti yake ni upepo upitao katika bomba la mbao, au la bati lililochanganywa na risasi, na umeme ni tarishi tu wa kupeleka amri. Asiyeishika tofauti hii hataelewa kwa nini fundi hutumia muda mwingi kwenye nyaya na muda mchache kwenye bodi ya kompyuta.

Asili ya chombo hiki ni Afrika. Ktesibio wa Iskandaria, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, ndiye aliyetengeneza kinanda kilichosukumiwa upepo kwa nguvu ya maji; baadaye, katika karne ya tisa, wana wa Musa wa Baghdadi waliandika juu ya vyombo vya upepo vilivyojipiga vyenyewe; na mwaka 757 kaisari wa Konstantinopoli alimpelekea Pepin, mfalme wa Wafaranki, kinanda cha mabomba kuwa hidaya, na kwa njia hiyo Ulaya ya Magharibi ikakipokea upya. Kwetu pwani, kanisa kuu la Kianglikana la Unguja, lililojengwa na Askofu Edward Steere mahali palipokuwa soko la watumwa, lilipata kinanda cha mabomba kutoka katika karakana ya Henry Willis wa Uingereza.

Katika vinanda vya kale, kila ufunguo uliunganishwa kwa fimbo nyembamba za mbao na kilango kidogo kilichozuia upepo chini ya bomba. Fimbo hazidanganyi, na nyingi zimedumu miaka mia tatu. Walakini kila kinanda kilipoongezwa mabomba, mzigo juu ya kidole uliongezeka pia, hata mpigaji akawa anapigana na chombo badala ya kukipiga. Mwingereza Charles Barker aliupunguza mzigo huo kwa kuufanya upepo wenyewe usaidie kuvuta fimbo, na fundi Aristide Cavaillé-Coll akautumia uvumbuzi huo katika kinanda cha kanisa la Saint-Denis mwaka 1841. Barker huyohuyo, akiutumia ujuzi wa Albert Peschard wa Caen, alijenga mwaka 1868 kinanda cha umeme katika kanisa la Saint-Augustin, Paris. Miaka ya 1880, Robert Hope-Jones, aliyekuwa fundi wa simu, aliifanya meza ya funguo iwe kitu cha kuhamishika, kilichofungwa kwenye mabomba kwa kamba moja nene ya nyaya. Si ajabu kwamba fundi wa simu ndiye aliyeliona jambo hilo, maana kinanda cha umeme na nyumba ya kuunganishia simu vina tatizo moja: watoaji amri ni wengi, wapokeaji ni wengi, na yeyote aweza kutaka kumfikia yeyote.

Tatizo hilo lataka hesabu. Chukua kinanda cha safu tatu za funguo za mikono, kila safu ikiwa na funguo 61, pamoja na funguo 32 za miguu. Jumla ni funguo 215. Lau kila ufunguo ungekuwa na waya wake, ungehitaji nyaya 215 kabla hujahesabu vitufe vya kuchagulia sauti, wala vile vya kuunganisha safu moja na nyingine. Mafundi wa zamani walifanya hivyo hasa: walifunga maelfu ya nyaya zilizovikwa uzi wa pamba, wakajenga makabati ya swichi za fedha na shaba, na makabati hayo yalichakaa, yakaingia vumbi na kutu, na kuyatengeneza kulikuwa kazi ya kumzeesha mtu.

Elektroniki ililimaliza jambo hili kwa hila nyepesi. Funguo 61 hupangwa katika mraba wa safu 8 na nguzo 8, ambao una nafasi 64, ili nyaya 16 tu zitoshe kuzifikia zote. Bodi huipa umeme safu ya kwanza, ikatazama ni nguzo zipi zinazojibu, kisha ya pili, kisha ya tatu, kama mwalimu anayeita majina katika daftari la mahudhurio, na daftari hilo lote humalizwa mara mamia kwa sekunde. Kila ufunguo huwekewa dayodi moja ili umeme usirudi nyuma kupitia ufunguo mwingine ulioshikwa na kuonyesha noti ambayo haikupigwa. Anayeiruka dayodi hiyo kwa kubana gharama ataambiwa na mpigaji, siku ya kwanza ya akodi nene, kwamba kinanda kinaimba noti za mzuka. Habari ikishakusanywa, husafiri hadi kwenye mabomba kwa jozi moja tu ya waya, na huko bodi ya pili huigawa tena iwe amri elfu.

Wako wanaouliza kama safari hiyo haicheleweshi sauti. Huchelewesha, lakini kwa sehemu chache za elfu za sekunde, ilhali sauti yenyewe, ikitoka bombani hadi sikio la mpigaji aliye mita 20 mbali, huchukua karibu sehemu 6 za mia za sekunde. Anayetaka kulaumu ucheleweshaji na aulaumu umbali wa hewa, si waya.

Mpaka hapa kazi ni ya akili, na bodi zake hununuliwa zikiwa tayari. Kazi inayotenganisha fundi na mfunga nyaya wa kubahatisha ipo upande wa pili, penye sumaku. Chini ya kila bomba, au penye kilango cha upepo cha kila noti, huwekwa sumaku-umeme ndogo ya volti 12 hadi 15. Sumaku yenye ukinzani wa omu 90 ikipewa volti 14 hula ampea 0.15 au kupita kidogo, kiasi ambacho hakimtishi mtu. Lakini mpigaji akiweka vidole kumi juu ya funguo na kufungua sauti 15 kwa pamoja, sumaku 150 huvuta kwa dakika hiyohiyo, na hesabu hupanda hadi ampea 23. Ukiupeleka mkondo huo mita 20 kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, ule utumikao kwa soketi za nyumba, utapoteza karibu volti tatu na nusu kwa kwenda na kiasi hichohicho kwa kurudi. Yaani nusu ya nguvu yote huishia katika kuupasha waya moto, na vilango huchelewa kufunguka au havifunguki kabisa, hasa pale wimbo unapofika kilele na kila mtu anasikia. Kwa hiyo kanuni ni kuiweka rektifaya, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa nyumba kuwa wa volti hizo ndogo, karibu na mabomba, kutumia waya mnene wa marejeo, na kuuachia waya mwembamba habari tu.

Kosa kubwa zaidi hutokana na dhana kwamba volti 14 ni kitu salama. Ni salama kwa mkono wa mtu; kwa mbao kavu za kinanda si salama hata kidogo. Rektifaya ya ampea 30, waya wake mmoja ukikwaruzwa na kugusa mwingine, yaweza kuufanya waya mwembamba kuwa mwekundu kabla mtu hajainuka kitini, na kinanda ni ghala la mbao, ngozi na gundi. Basi kila sanduku la upepo na liwe na fyuzi yake, ndogo kadiri inavyowezekana, na kusiwe na waya unaotoka penye rektifaya bila kupitia fyuzi. Fauka ya hayo, kila sumaku hutaka dayodi ya kuizuia isirudishe pigo, kwa sababu koili ikikatiwa umeme ghafla hurusha volti mamia, na pigo hilo huua transista iliyokuwa ikiitumikia.

Utaratibu wa kufunga ni wa subira. Kwanza hupimwa ukinzani wa kila sumaku, iliyokatika au iliyoungua ijulikane kabla bodi haijaingia kanisani; kisha nyaya huhesabiwa kutoka noti nene kwenda nyembamba, kila moja ikiandikwa lebo katika ncha zote mbili; kisha hulehemiwa kwa risasi yenye ulimbo, kamwe si kwa dawa ya asidi, maana asidi huendelea kula shaba miaka baada ya fundi kuondoka. Hatimaye kila noti hujaribiwa peke yake, upepo ukiwa umezimwa ili kusikiliza mlio wa kilango, na baadaye upepo ukiwa umewashwa. Mimi naiona lebo kuwa bora kuliko bodi: bodi ikifa hununuliwa nyingine, bali lebo zikikosekana, elimu yote ya aliyefunga huenda naye.

Sasa na tuje Ifakara. Mji huu uko bondeni, kiasi cha mita 250 tu juu ya usawa wa bahari, chini ya ukuta wa milima ya Udzungwa. Masika yake ni ya mafuriko na radi, na joto lake ni la mchana na usiku. Unyevu huvimbisha mbao, hulegeza gundi na kutia kutu swichi, kwa hiyo swichi za wazi hazifai. Ifungwe ile swichi ya sumaku iliyozibwa ndani ya kichupa cha kioo, ambayo hewa ya nje haiigusi. Mchwa hula sanduku, panya hutafuna waya, na nyigu wa udongo hupenda tundu la bomba dogo kuliko mahali pengine popote. Wavu wa waya na usafi wa kila mwezi ni sehemu ya mfumo wa umeme sawa na fyuzi.

Radi ndiyo adui mkuu. Waya mrefu wa shaba kati ya meza ya funguo na mabomba ni mwaliko kwake, maana ardhi chini ya ncha moja na chini ya nyingine hazilingani kwa volti pindi radi inapopiga jirani. Dawa yake ni kuipeleka habari kwa uzi wa kioo, usiopitisha umeme kabisa, na kuzifunga ncha zote za chuma kwenye ethi moja iliyopimwa. Umeme nao, japo vituo vya kuzalisha umeme vya Kidatu, chenye megawati 204, na Kihansi, chenye megawati 180, viko katika ujirani huuhuu, hukatika na kuyumba, na betri ya kuilinda bodi haisaidii kitu maadamu feni ya upepo imesimama. Jenereta lazima itoshe ule mkondo mkubwa ambao mota huvuta inapoanza.

Liko jambo moja ambalo elektroniki haiwezi. Bomba hupanda sauti hewa inapopata joto: kinanda kilichotiwa sauti Ulaya kwenye nyuzi 18, kikipigwa Ifakara kwenye nyuzi 30, kitapanda kwa zaidi ya theluthi ya nusu-toni, na hakitapatana na kinanda cha spika kilicho kando yake. Hakuna programu inayolirekebisha hilo. Ni fundi mwenye sikio, juu ya ngazi, bomba kwa bomba.

Hukumu yangu ni kwamba kinanda cha mabomba chenye udhibiti wa kielektroniki chaweza kuishi Kilombero, na kwamba bodi si sehemu ya kuhofiwa. Parokia au chuo kitakachopewa kinanda kilichotumika huko Ulaya kisipokee shehena kabla ya kupata michoro ya nyaya zote, wala kisikubali fundi mgeni afunge peke yake. Na wawekwe kando yake vijana wawili wa Ifakara wenye kujua umeme, waandike lebo kwa mikono yao wenyewe na kwa Kiswahili.