Fundi wa Gari Lisilopanda

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ina kilomita 33 hivi, na katika umbali huo mfupi inakupandisha takriban mita 1,000 ndani ya milima ya Usambara. Kona zake zimebana, huku mwamba, kule korongo. Gari lililokimbia vizuri tangu Chalinze hufika kwenye kona hizo likaanza kulegea. Dereva anakanyaga mafuta mpaka mwisho, injini inaunguruma, mwendo unazidi kushuka. Anarudi gia ya pili, kisha ya kwanza, na Fuso lililo nyuma yake limeshaanza kupiga honi. Mtu anayehitajika hapo ndiye ninayetaka kumsifu: fundi anayetafuta ugonjwa kabla ya kutafuta spea.

Mlima haumwonei mtu. Gari la kilo 1,200 likipanda mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 10, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, linahitaji nguvu za farasi zipatazo 22 zaidi ya zile linazotumia tambarare kwa mwendo uleule. Hewa nayo inakuwa nyepesi. Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, injini isiyo na turbo inapata hewa pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ikilinganishwa na Tanga mjini. Kwa hiyo hata gari zima litapungukiwa kidogo. Fundi mzuri anaanzia hapo, kwa kutenganisha uchovu wa kawaida na ugonjwa.

Kisha anauliza. "Mama, linakosa nguvu likiwa la baridi au likishapata moto? Linashtukashtuka, au linalegea taratibu? Mshale wa resi unapanda?" Kila jibu linapunguza orodha. Resi ikipanda na mwendo usiongezeke, huku harufu ya kuungua ikiingia ndani, klachi inateleza na injini haina kosa. Likishtuka na kukatakata, anashuku cheche. Mzigo unapozidi, mchanganyiko wa hewa na mafuta hushindiliwa zaidi ndani ya silinda, na umeme hupata taabu kuruka ule mwanya wa plagi. Koili iliyochoka inayotosha tambarare inashindwa mlimani. Likikabwa, na kadiri unavyoongeza resi ndivyo linavyozidi kukabwa, huenda masega ya ekzosi yameziba na moshi hauna pa kutokea. Lori la dizeli likitoa moshi mweusi mzito, anaanza upande wa hewa: kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, au mpira wa turbo uliopasuka.

Lipo swali moja ambalo wateja hupenda kulikwepa: mafuta ulijaza wapi? Mficha uchi hazai. Aliyenunua petroli ya madumu njiani akanyamaza atalipia saa nyingi za kutafuta jambo ambalo angelisema kwa neno moja.

Nimewahi kumtazama fundi mmoja wa Mombo akiifanya kazi hii. Kompyuta ya kupimia ilichomekwa, haikuonyesha hitilafu yoyote. Wapo ambao wangeanza kubadilisha plagi, koili na sensa, kimoja baada ya kingine, kwa pesa za mwenye gari. Yeye alifunga geji ya presha kwenye njia ya mafuta, akapitisha mpira wake chini ya boneti mpaka nje, akaibandika geji kwenye kioo cha mbele kwa selotepu. "Twende mlimani, mzee," alisema. "Endesha wewe, mimi nitazame mshale."

Tambarare mshale ulitulia kwenye baa 3, palepale ulipotakiwa kuwa. Kona ya kwanza ukatikisika. Mzee alipokanyaga mafuta, ukashuka mpaka 2, ukaendelea kushuka, na gari likalegea pamoja nao. Fundi hakusema kitu, alionyesha tu kwa kidole. Waliporudi aliinua kiti cha nyuma, akachomoa pampu kutoka kwenye tangi. Kichujio chake kilikuwa kimegandwa na tope jeusi laini, kama chujio la tui lililozibwa na machicha: kidogo kinapita, lakini ukitaka mengi kwa haraka hayaji. Tambarare hicho kidogo kilitosha.

Alisafisha tangi, akaweka kichujio kipya, akabadilisha na filta ya mafuta. Pampu aliirudisha ileile. Kisha akasema wapande tena, geji ikiwa bado kiooni, na safari hii mshale haukuteremka. Katika kazi yake yote nasifu zaidi safari hiyo ya pili. Kurekebisha ni nusu ya ufundi. Nusu nyingine ni kukataa kuamini kwamba umerekebisha mpaka mlima uleule ukubali.

Risiti haiwezi kuonyesha hayo. Inaandika kichujio na filta, vitu vya bei ndogo, wala haiandiki maswali, geji na ule uvumilivu. Ndiyo maana wateja wengi hununa fundi anapodai pesa ya kupima, halafu wanatoa bila kinyongo pesa kubwa zaidi kununua pampu isiyohitajika. Tabia hiyo inawafundisha kubahatisha vijana wanaotoka vyuo vya VETA na wale wanaojifunzia gereji: anayebadilisha spea analipwa, anayefikiri anaonekana amekaa bure. Tukitaka mafundi kama yule wa Mombo wawe wengi, tuulipe upimaji kama kazi kamili, tudai uandikwe kwenye risiti, na tukubali kupanda mlima pamoja na fundi mara ya pili kabla ya kusema gari limepona.