Daftari la Mtunza Bustani

Watu wengi huifahamu Mount Gulian, nyumba ya ukoo wa Verplanck huko Beacon, New York, kwa habari za kijeshi: Jenerali Baron von Steuben aliifanya makao yake, na mwaka 1783 maofisa wa vita vya uhuru wa Marekani wakaundia chama chao humo. Kinachonivuta mimi ni bustani yake, na mtu anayekumbukwa kwayo, James F. Brown.

Brown alizaliwa mtumwa Maryland mwaka 1793. Alitorokea New York, akaajiriwa na akina Verplanck, mgeni wao mmoja akamtambua kuwa mtoro. Waajiri wake wakajadiliana na aliyedai kummiliki, uhuru ukanunuliwa. Bustani ikawa mikononi mwake.

Kando ya Mto Hudson majira ya kupanda ni mafupi. Mto huganda, na baridi ya usiku mmoja wa Mei yaweza kuua kitalu kizima. Watunza bustani wa enzi hizo walijua la kufanya. Walishindilia samadi mbichi ya farasi shimoni, wakatandaza udongo juu yake na kufunika kwa vioo. Samadi ikichacha hutoa joto, mbegu zikaota huku theluji ingali nje. Lakini joto likizidi, mizizi huungua. Na jua likiwaka kabla vioo havijainuliwa, miche hunyauka yote. Kazi hiyo haimruhusu mtu kulala hadi jua lipande.

Na bado Brown alipata nafasi ya kuandika. Kuanzia 1829 hadi 1866 aliweka kumbukumbu za kila siku, kwa maneno machache: hali ya hewa, alichopanda, vyombo vilivyopita mtoni, nani kafariki. Nauheshimu mno ufupi huo. Aliyeandika lini barafu iliyeyuka mwaka jana hapandi kwa kubahatisha mwaka huu.

Brown alinunua kiwanja, akapiga kura, wakati sheria ya New York ilimtaka mwanamume mweusi awe na mali ya dola 250, sharti ambalo wazungu hawakuwekewa.

Nyumba ya Mount Gulian iliteketea mwaka 1931, ikajengwa upya. Madaftari ya Brown yamehifadhiwa The New York Historical, iliyoitwa zamani New-York Historical Society, na mwaka 2012 mwanahistoria Myra B. Young Armstead alichapisha kitabu kizima kuhusu mwandishi wake, akimwita mtunza bustani wa uhuru. Jina hilo Brown amelistahili.