"Mambo?" ya Jumatatu: Neno moja lililomfuata mgonjwa hadi nyumbani

Jumatatu asubuhi, simu ya mgonjwa inalia mlio wa arafa. Kwenye kioo kuna neno moja tu: "Mambo?" Kliniki haikutajwa, ugonjwa haukutajwa, dawa haikutajwa. Hata simu ikiwa mkononi mwa mtoto au shemeji, atakayeisoma ataona salamu ya kawaida. Mwenye simu ndiye anayejua imetoka wapi. Ana saa 48 za kujibu kwa neno moja kati ya mawili: "Sawa" au "Shida".

Hivyo ndivyo lilivyoendeshwa jaribio la WelTel, lililoandikisha wagonjwa nchini Kenya kati ya mwaka 2007 na 2008 chini ya uongozi wa Dkt. Richard Lester. Matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010. Lilihusisha wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI katika vituo vitatu: Pumwani na Coptic Hope jijini Nairobi, na kituo kimoja Kajiado, katika nchi ya wafugaji. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Wagonjwa 273 walitumiwa arafa kila wiki, na 265 waliendelea na huduma ya kawaida. Walifuatiliwa kwa mwaka mmoja.

Wengi wanaolisimulia jaribio hili husifu simu. Mimi naona kazi kubwa ilifanyika baada ya arafa kutumwa. Muuguzi aliyapitia majibu. Aliyeandika "Sawa" aliachwa aendelee na shughuli zake. Aliyeandika "Shida" alipigiwa simu. Na aliyenyamaza hadi saa 48 zikapita, naye alipigiwa simu. Kimya kilihesabiwa kuwa jibu. Kwa mpango huo, muuguzi mmoja aliweza kuwaangalia wagonjwa wengi bila kuwapigia wote, kwa sababu muda wake ulikwenda kwa wale waliomhitaji wiki ile.

Liangalie pia neno lenyewe. Salamu zetu humdai mtu jibu jema. Ukiulizwa "Hujambo?" utasema "Sijambo" hata ukiwa na homa, na vijana wa Nairobi wakiulizwa "Mambo?" hujibu "Poa" bila kufikiri. Mgonjwa aliyelelewa katika adabu hiyo huona haya kumwambia muuguzi kwamba dawa zinamtapisha au kwamba amekosa nauli ya kwenda kuchukua nyingine. Jaribio lilimpa ruhusa ya kusema "Shida" mara moja, bila utangulizi na bila kueleza sababu kwa maandishi. Maelezo yangetolewa kwa sauti, simu ikishapigwa.

Matokeo yalipimwa kwa njia mbili. Kwanza, wagonjwa waliulizwa wenyewe kuhusu ufuasi wao wa dawa. Waliosema wamemeza zaidi ya asilimia 95 ya dozi walikuwa asilimia 62 katika kundi la arafa, dhidi ya asilimia 50 katika kundi linganishi. Lakini mgonjwa anaweza kusema lile analodhani muuguzi anataka kulisikia, ndiyo maana kipimo cha pili kilikuwa damu. Wingi wa virusi ulishuka hadi kiwango kilichotakiwa kwa asilimia 57 ya waliotumiwa arafa, na asilimia 48 ya wasiotumiwa. Kwa hesabu hiyo, kwa kila wagonjwa 11 walioingizwa katika mpango, mmoja zaidi alidhibiti virusi. Gharama ya kila arafa ilikuwa takriban senti 5 za dola ya Marekani, yaani dola 20 kwa wagonjwa 100 kwa mwezi.

Haki inadai tutaje na pale ambapo njia hii haikufua dafu. Katika jaribio la Yaoundé, Kamerun, walishiriki wagonjwa 200, na takriban nusu yao walitumiwa kila wiki ujumbe wa kuwatia moyo pamoja na namba ya kupiga wakihitaji msaada. Hakukuwa na tofauti ya maana ya ufuasi wa dawa kati yao na wenzao. Kwa maoni yangu, mzigo wa kuanzisha mazungumzo uliachwa mabegani mwa mgonjwa, na mgonjwa aliyelemewa ndiye wa mwisho kupiga simu.

Kisha ikaja zamu ya Kibera, jijini Nairobi. Huko arafa ile ile ya WelTel ilijaribiwa kwa watu 700 waliokuwa wakianza huduma ya VVU, ili kuona kama ingewafanya waendelee kuhudhuria kliniki. Baada ya miezi 12, waliobaki katika huduma walikuwa asilimia 79 ya kundi la arafa na asilimia 81 ya kundi linganishi. Arafa haikuongeza kitu. Tusiyafiche matokeo hayo. Salamu inaweza kuifichua shida mapema, lakini mtu aliyehama mtaa au anayepoteza kibarua kila akienda kliniki anahitaji zaidi ya kuulizwa hali.

Tangu wakati ule, majaribio yamesogea hata zaidi kutoka hospitalini. Katika jaribio la PANORAMIC nchini Uingereza, lililoanza Desemba 2021, zaidi ya wagonjwa 25,000 wa UVIKO-19 walishiriki wakiwa majumbani mwao. Dawa ya molnupiravir ililetwa mlangoni, na mgonjwa akajaza shajara ya dalili kwenye intaneti kwa siku 28. Ilibainika kuwa dawa hiyo haikupunguza kulazwa wala vifo miongoni mwa watu waliokwisha kuchanjwa, ingawa iliharakisha nafuu. Wapangaji wake hawakuitegemea tovuti peke yake. Mgonjwa aliweza kumteua mtu wa karibu wa kutoa taarifa kwa niaba yake, na asiyejaza shajara alitafutwa kwa simu. Mabara mawili tofauti, na katika yote mawili aliyenyamaza alitafutwa.

Ndugu zangu mnaoandaa majaribio ya tiba yanayomfikia mgonjwa nyumbani, kabla hamjanunua programu, andikeni katika mpango wenu jina la mtu atakayesoma majibu, saa atakazofanya kazi, na bajeti ya muda wake wa maongezi. Mgonjwa aliyekubali kutoa damu na siri yake kwa ajili ya elimu ya wengine anastahili kupigiwa simu siku anapoandika "Shida". Anastahili hivyo hivyo siku asipoandika chochote.