Raia mbele ya Leta: Msamiati wa Haki na Mipaka ya Dola Uvira

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 baada ya kura ya maoni ya Desemba 2005, imeweka mipaka kadhaa kati ya mamlaka ya serikali na haki za mtu binafsi. Ibara yake ya kwanza inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kitshiluba kuwa lugha za taifa. Ibara ya 142 inaiagiza serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila mojawapo ya lugha hizo nne, katika muda wa siku 60 tangu kutangazwa kwake. Agizo hilo ni fupi, lakini uzito wake ni mkubwa: mpaka usiojulikana na yule unayemlinda si mpaka.

Uvira ni mahali panapofaa kulipima jambo hili. Katika mji huo uliobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, karibu na Bujumbura, husikika Kifuliiru, Kivira, Kibembe, Kinyamulenge na lugha nyinginezo. Hata hivyo, mtu ashukaye mzigo bandarini Kalundu, avukaye mpaka Kavimvira, au aitwaye kituo cha polisi, huzungumza na dola kwa Kiswahili. Hati inayoamua shauri lake huandikwa kwa Kifaransa. Hapo katikati ndipo haki zinapopotea. Maneno matatu yanatosha kuonyesha jinsi zinavyopotea.

Neno la kwanza ni raia. Asili yake ni Kiarabu, ambako lilitaja mifugo inayochungwa, kisha watu walio chini ya mtawala. Katika Kiswahili sanifu cha leo raia ni mtu mwenye haki na wajibu katika nchi yake. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo raia ni kwanza kabisa mtu asiye na bunduki, kinyume cha askari. Maana ya zamani haijafa, kwa kuwa dola nayo imeendelea kuwahesabu watu kama mchungaji ahesabuvyo zizi. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 iliwapa uraia kwa pamoja watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wakikaa Kivu kabla ya mwaka 1960. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ikaufuta utoaji huo, ikamtaka mtu athibitishe kwamba wahenga wake walikuwa wa kabila lililokuwamo nchini tarehe 1 Agosti 1885. Mnamo Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu Kusini akawapa Banyamulenge wiki moja waondoke nchini. Tangazo hilo halikumwita mtu kwa jina lake wala kumtaja kosa lake, lilitaja kabila. Kabla ya mwezi kwisha, Uvira ilikuwa imetwaliwa kwa vita.

Wala wengine hawakusalimika. Kati ya mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, mamia ya raia waliuawa Makobola, kusini mwa mji, wakati eneo hilo likiwa mikononi mwa waasi wa RCD na washirika wao. Watendaji hawakuwa wale wale, wala waathiriwa. Lakini mantiki ilikuwa ile ile: anayewatazama watu kama kundi huwaadhibu kama kundi. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 imekisogeza kipimo cha uraia wa asili hadi uhuru wa mwaka 1960, na ibara ya 10 ya Katiba imekifuata. Hayo ni maendeleo, ila kipimo bado kinaanzia kwenye kabila, si kwenye mtu.

Neno la pili ni Leta, lililotokana na Kifaransa l'État. Katika kinywa cha msemaji wa kawaida, Leta ni dola, ni serikali, ni mtoza kodi, ni askari wa kizuizini. Kilichofanywa na mmoja wao kimefanywa na Leta. Kwa sadfa ya sauti, neno hilo linafanana na amri. Pale ambapo Kiswahili sanifu husema “lete”, Kiswahili cha Kongo husema “leta”. Sadfa hiyo haithibitishi lolote kuhusu asili ya neno, lakini inasadifu uzoefu wa watu ambao kwa muda mrefu wameijua serikali kwa kile inachodai. Kasoro kubwa ya neno hili ni kwamba halimtenganishi mtumishi na taasisi. Katiba, kinyume chake, imejengwa juu ya utengano huo. Ibara ya 28 inasema kwamba hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo haramu waziwazi. Ibara hiyo haieleweki kwa mtu ambaye kwake amri ya mtumishi na Leta ni kitu kimoja.

Neno la tatu ni kujulisha. Ibara ya 26 inawataka wanaoandaa maandamano waijulishe kwa maandishi mamlaka inayohusika. Haiwataki waombe ruhusa. Lakini amri-sheria Na. 196 ya tarehe 29 Januari 1999, iliyotangulia Katiba, ilidai kibali kwa maandamano ya barabarani, na desturi yake imeishi kuliko andiko lake. Mpaka hata leo “kuomba ruhusa ya kuandamana” ni usemi usiomshangaza mtu. Anayejulisha ana haki yake tayari. Anayeomba ruhusa anaingoja kwa mwingine. Tafsiri ikikosea kitenzi kimoja, haki imegeuka kuwa hisani.

Hapana budi kuukabili upinzani mmoja wenye nguvu: maneno hayazuii bunduki. Tangazo la 1996 lisingekomeshwa na kamusi. Aidha, Bukavu ilipotwaliwa na M23 Februari 2025, serikali ya jimbo ilihamia Uvira. Desemba mwaka huo waasi hao waliingia Uvira pia. Ni nani basi angesomewa ibara? Hoja hii ni ya kweli kwa kiasi chake. Hata hivyo, inasahau kwamba mamlaka yoyote, iwe ya serikali au ya waasi, hutawala kwa kutamka. Amri hazikosi mkalimani: siku ile ile zinapotolewa hufika sokoni na kijijini kwa lugha inayoeleweka. Kinachokosa mkalimani ni kikomo cha amri. Ibara ya 18 inasema kwamba aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu kwa lugha anayoielewa, na kwamba asizuiliwe zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kufikishwa mbele ya mamlaka ya mahakama. Mama anayempelekea mwanawe chakula mahabusi siku ya nne angeweza kuuliza swali moja tu, laiti angeijua hesabu hiyo. Pengine asingejibiwa, lakini asingedhani kwamba anaomba huruma.

Kwa hiyo kazi ya wataalamu wa Kiswahili katika eneo hili si pambo la utamaduni wa taifa. Ni sehemu ya utekelezaji wa Katiba yenyewe, ambayo katika ibara ya 45 imezibebesha mamlaka za umma wajibu wa kuieneza na kuifundisha. Tafsiri inayohitajika ni ile itakayotenganisha dola, serikali na mtumishi. Itakayoshika kujulisha mahali pa kujulisha. Na itakayomfanya raia awe mtu mmoja mwenye jina, ambaye hawezi kufukuzwa kwa kutajwa kabila lake. Neno raia lilikwisha kuhama mara moja, kutoka zizini hadi ikulu ya sultani. Limebakiwa na safari moja, ya kufika mbele ya hakimu.