Mshipa Upi? Maoni juu ya Istilahi za Uuguzi wa Magonjwa ya Damu

Katika Kiswahili cha kila siku neno mshipa hufanya kazi nyingi mno. Ni njia ya damu. Ni neva, ambayo wengi huiita mshipa wa fahamu. Tena ni jina la maradhi ya kuvimba korodani. Mzungumzaji hapotei, kwa kuwa muktadha humwongoza. Lakini neno hilo liingiapo katika maelekezo ya uuguzi bila kufafanuliwa, anayepotea ni mgonjwa.

Tuchukue sentensi ya aina hii: “Mgonjwa wa mishipa ya miguu ainuliwe miguu na afungwe bandeji ya kubana.” Kisarufi haina kasoro. Kitiba ni hatari. Vena hurudisha damu moyoni; vali zake zikilegea, damu hutuama miguuni, mguu huvimba, na aghalabu kidonda hutokea karibu na kifundo. Mgonjwa huyo hufaidika kwa kuinuliwa miguu na kufungwa bandeji. Ateri, kwa upande wake, huleta damu kutoka moyoni. Ikizibika, mguu hukosa damu na kuwa wa baridi, na mara nyingi maumivu hupungua mgonjwa anapouning’iniza kando ya kitanda. Ukimwinua huyu mguu na kumbana, umemnyima hata ile damu kidogo iliyokuwa ikimfikia. Mfasiri aliyeandika “mishipa” mahali pote pawili amewafanya wagonjwa wawili kuwa mmoja.

Kwa hiyo ateri na vena si mapambo ya kitaalamu, nasi hatuna sababu ya kuyaonea haya maneno hayo eti kwa kuwa ni ya kukopa. Wapo waliojaribu kuyakwepa kwa kusema “mshipa wa damu safi” na “mshipa wa damu chafu”. Tafsiri hii yafaa iachwe kabisa. Kwanza, si kweli: ateri itokayo moyoni kwenda mapafuni hubeba damu iliyopungukiwa oksijeni, na vena zitokazo mapafuni huleta damu iliyojaa oksijeni. Pili, masikioni mwa watu damu chafu ni damu yenye maradhi, pengine hata ya aibu. Muuguzi anayemwambia mama kwamba atamtoa damu katika mshipa wa damu chafu asishangae mama akikunja mkono wake.

Kundi la pili la makosa limo katika dawa. Heparini na warfarini huitwa dawa za kulainisha damu, za kuyeyusha damu, na hata za kupunguza damu. Hakuna jina hata moja kati ya hayo lililo sahihi. Dawa hizi haziifanyi damu kuwa maji, wala haziyeyushi bonge lililokwisha kuganda; hupunguza uwezo wa damu kuganda, ili bonge lisikue na jingine lisifanyike. Dawa za kuyeyusha bonge zipo, nazo ni kundi jingine, lenye hatari zake. Ama “kupunguza damu”, neno hilo humpeleka mgonjwa moja kwa moja kwenye upungufu wa damu, naye ataacha vidonge akidhani vinammaliza. “Dawa za kuzuia damu kuganda” ni maneno mengi, lakini yanasema kweli, na tena yanamtayarisha mgonjwa kwa maonyo yanayofuata: aangalie fizi zinazotoka damu, choo cheusi, na michubuko isiyo na sababu. Anayetaka istilahi fupi ya vitabuni angeweza kufikiria vizuiamgando, kwani mgando tunaujua katika maziwa. Wodini tuseme kwa urefu.

Shinikizo la damu nalo lina kasoro yake ndogo. Kila aliye hai ana shinikizo la damu. Aliyekufa ndiye asiye nalo. Tusemapo maradhi, tuseme shinikizo la juu la damu.

Lipo pia la kusifiwa. Istilahi selimundu, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa zilizoundwa vizuri kabisa katika fani hii. James Herrick, daktari wa Chicago, alipouandika ugonjwa huu mwaka 1910 alitaja chembe zilizopinda mfano wa mundu, na Kiswahili kimeipokea taswira ile ile kwa chombo ambacho mkulima wetu anakijua. Muuguzi ana pa kuanzia: seli zilizopinda hunasa katika mishipa myembamba, damu haipiti, maumivu huanza, ndiyo maana mtoto anyweshwe maji ya kutosha, akingwe na baridi, na apewe dawa ya maumivu bila kucheleweshwa.

Upungufu umo katika matumizi. Mtoto aliyerithi jeni ya selimundu kwa wazazi wote wawili ni mgonjwa. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida haugui. Hata hivyo, wote wawili husikia wakiambiwa “ana selimundu”. Kwa neno hilo moja mtu mzima wa afya huhesabiwa mgonjwa, na uchumba huweza kuvunjwa kwa hofu isiyo na msingi, kwani mashaka ya kupata mtoto mgonjwa huwapo pale wazazi wote wawili wanapokuwa na jeni hiyo. “Mbebaji” hunikumbusha mno mtu anayeeneza ambukizo. Napendekeza iandikwe “mwenye jeni moja ya selimundu”. Katika kadi ya kliniki nafasi ya maneno hayo ipo.