Kikuba Bora: Mwongozo wa Kutazama na Kunusa

Kikuba ni kishada kidogo cha maua na majani yenye harufu nzuri, kinachotungwa kwa uzi ili mwanamke akibandike kifuani kwa pini au akichomeke kwenye nywele, na kwa udogo wake huo ndicho kipimo kigumu kuliko vyote cha ustadi wa maua katika visiwa vya Unguja na Pemba. Koja, yaani mkufu wa maua unaovaliwa shingoni, huweza kusitiri kasoro kwa wingi wa maua yake, ilhali kikuba hakina pa kusitiria. Anayetaka kuzoeza jicho na pua anapata fursa nzuri wakati wa sikukuu za Idi, pale viwanja vya Tibirinzi mjini Chake Chake vinapofurika watu jioni, kwa kuwa ubora wa kikuba hudhihirika saa kadhaa baada ya kutungwa.

Cha kwanza kukaguliwa ni asumini, ua jeupe ambalo ndilo roho ya kikuba. Ua hili hufunguka usiku, na kwa hiyo mtungaji anayeijua kazi huchuma matumba, yaani maua ambayo bado yamefumba, alasiri ya siku ile ile, akichagua yaliyokwisha kunenepa na kuwa meupe kabisa na kuyaacha mtini yenye ukijani, kwani tumba changa likichumwa hunyauka bila kufunguka. Kikuba cha matumba yaliyopevuka huonekana cha kawaida tu saa kumi alasiri, kisha baada ya magharibi hufunguka kikiwa kimekwisha kuvaliwa, na harufu yake huzidi kadiri usiku unavyoingia. Kile chenye maua yaliyokwisha kuchanua huvutia zaidi machoni pa mnunuzi, lakini husinyaa mapema, hasa katika msimu wa kaskazi, yaani miezi ya joto kuanzia Desemba hadi Machi.

Kikigeuzwa, mgongo wa kikuba hueleza mengi kuliko uso wake. Sindano inapaswa kupita katika mrija mwembamba ulio chini ya petali, karibu na kikonyo. Ikichoma petali yenyewe, mahali palipojeruhiwa hugeuka rangi ya kahawia, na mstari wa madoa unaofuata njia ya uzi ni ushahidi wa mkono wenye haraka. Uzi nao huvutwa kwa kadiri ya kuyakutanisha maua bila kuyabana, maana tumba lililobanwa halipati nafasi ya kufunguka, na fundo lake husitiriwa chini ya jani.

Majani ndipo watungaji wengi wanapokosea. Mrehani, mmea mdogo ambao majani yake hutoa harufu kali yanaposuguliwa, unatakiwa kuwa machipukizi mawili au matatu tu, kwa sababu ukizidi huimeza asumini yote. Jani la pachori, lenye harufu nzito inayodumu hata likikauka, linatosha likiwa moja, tena nyuma. Waridi huongezwa kwa ajili ya rangi, na kikuba kinaweza kuwa kizuri kabisa bila ya waridi.

Langilangi, ua refu la petali zinazoning'inia, linahitaji uangalifu wa pekee. Likiwa bado la kijani harufu yake ni hafifu. Lililopevuka huwa la manjano na lina doa jekundu la kahawia ndani, kwenye shina la petali, na mnunuzi ana haki ya kuifunua petali na kulitafuta doa hilo. Hata hivyo moja latosha, kwani mawili hufanya kikuba kizima kinuke langilangi. Kisiwa cha Pemba, kinachokamua mafuta ya makonyo ya mkarafuu katika kiwanda cha Wawi, kinafahamu vyema kwamba harufu kali haihitaji wingi.

Kikuba kilichonyunyiziwa marashi ya chupa hakifai, hata kikiwa kimetungwa vizuri namna gani, kwa kuwa spiriti iliyomo huunguza petali na harufu yake huficha maua yaliyochakaa. Mnunuzi na akinuse kikuba mara mbili, kwanza kikiwa mbali kidogo kisha karibu na pua, na asilipe kabla hajakigeuza na kuuona uzi.